Wanajuaje waliojiajiri wanaficha mapato kiasi gani? Uzi wa sahani, mikopo na madaftari

Kibubu (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu.

Kila msimu wa bajeti atasimama mtu aseme waliojiajiri wanaficha nusu ya mapato yao. Mwingine atasema theluthi. Sijawahi kusikia anayeuliza hiyo namba imetoka wapi. Anayeficha hela hamwambii mtu, pengine hata mwenza wake hajui, sasa mtakwimu amezionaje? Nimesoma tafiti za watu kuhusu hili na kwangu ni kazi ya kipelelezi tamu kuliko zote kwenye uchumi. Niwamegee kidogo, halafu wenye maduka na wenye mishahara mgombane huku chini.

Njia maarufu inaanzia tumboni. Mwaka 1857 mtakwimu wa Kijerumani, Ernst Engel, alichambua matumizi ya familia za wafanyakazi wa Ubelgiji akaonyesha kwamba kipato kikipanda, fungu la kipato linaloishia kwenye chakula linapungua. Mwenye nacho anakula cha shilingi nyingi zaidi, ila kwa asilimia ni kidogo. Utaratibu huo umeonekana karibu kila nchi ulikopimwa.

Mwaka 1989 Christopher Pissarides, mzaliwa wa Cyprus aliyekuja kupata Nobel ya uchumi 2010, na mwenzake Guglielmo Weber wakaupindua huo utaratibu. Walichukua utafiti wa matumizi ya kaya za Uingereza wa mwaka 1982. Wazo lao: mwajiriwa hana pa kuficha mshahara, kwa hiyo kipato anachotaja tukiamini. Chakula kila mtu anakitaja bila woga, maana hakuna anayeogopa kusema amenunua mkate na nyama. Basi tazama kaya za waajiriwa ujue kipato fulani kinakula kiasi gani. Kisha nenda kwa waliojiajiri. Akikwambia anapata X lakini anakula kama mtu wa X na nusu, unajua kilichobaki kiko wapi.

Tuweke hesabu, namba za kubuni tu ili tuelewane. Waajiriwa wenye familia ya ukubwa mmoja: anayepata 1,000,000 kwa mwezi anatumia 400,000 kwenye chakula, anayepata 1,500,000 anatumia kama 510,000. Anakuja mwenye duka la vipuri, familia ileile, anasema anapata 1,000,000. Chakula? 510,000. Kwa njia hii mapato yake ya kweli ni 1,500,000.

Hapa watu wengi hujichanganya. Je, ameficha 50% au 33%? Ukilinganisha na alichotaja ni 50%. Ukilinganisha na alichopata kweli ni theluthi. Ndiyo maana unasikia wanasiasa wawili wanataja namba mbili na wote wamesoma karatasi moja. Pissarides na Weber walipata kwamba, kwa wastani, mapato halisi ya waliojiajiri Uingereza ni mara 1.55 ya yale waliyotaja. Yaani katika kila pauni 100 za kweli, kama 35 hazikutajwa. Wakapiga jumla ya nchi nzima wakapata uchumi wa kificho wa kama 5.5% ya pato la taifa.

Uzi tayari. Nikipata muda nawaletea Ugiriki, huko ndiko kuna mambo.

Baba Chanja

Naunga mkono hoja. Na hiyo 35 kwa Bongo ni ndogo. Mimi mwajiriwa, kinachozidi milioni moja kwa mwezi kinakatwa 30% kabla sijakiona. Sijaulizwa, sijakadiriwa, sijaitwa ofisini. Jirani yangu ana duka la jumla, gari mbili, watoto shule za kulipia, ukimuuliza biashara vipi anakwambia "ngumu kweli ndugu yangu". Mwaka wa kumi sasa ni ngumu kweli.

Mzigo wa Kontena

Baba Chanja, gari mbili ulizoziona moja ina mkopo na nyingine ni ya shemeji. Usihesabu hela za mtu kwa kuchungulia uani.

Mleta mada, hesabu nzuri, lakini unajadili mapato, na huku sokoni sisi tunakadiriwa kwa mauzo. Nikiuza vitenge vya milioni 80 kwa mwaka haimaanishi nina milioni 80. Mzigo umenunuliwa, pango limelipwa, vijana wawili wamekula, bandarini nimeacha kilichoachwa. Faida naijua mimi na Mungu. Afisa anakuja dukani saa nne asubuhi siku ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, anakuta watu wamejaa, anaandika. Aje Jumanne ya wiki ya pili ya Februari aone kama hatanionea huruma anunue yeye mwenyewe.

Mei 2023 Kariakoo ilipofungwa mkaona mitandaoni mkadhani tunagoma kulipa kodi. Waziri Mkuu alipokuja kutusikiliza, malalamiko mengi yalikuwa ya namna ya kukadiriwa na kukamatwa kwa mizigo njiani. Juni 2024 tukafunga tena.

Kibubu

Mzigo wa Kontena, hapo umegusa penyewe, na nitaomba usichoke maana ndiyo hoja yangu kubwa kwenye uzi huu. Ile 1.55 ni wastani wa kundi. Ndani yake yumo aliyeficha mara tatu, yumo asiyeficha hata senti, na yumo aliyetaja zaidi ya alichopata kwa sababu anataka mkopo. Wastani ule unamfaa waziri anayetaka kujua nchi inakosa kiasi gani. Haumwambii afisa duka namba 14 linadaiwa ngapi. Ukichukua namba ya kundi ukambambika mtu mmoja, mwaminifu ndiye anayeumia, kwa sababu mwenye kuficha mara tatu bado amebaki na chenji.

Tena hata wastani wenyewe ni dhaifu kuliko unavyoonekana. Rudi kwenye mfano wangu. Tuseme wenye biashara wana ukarimu zaidi, wanakula 10% zaidi ya mwajiriwa wa kipato kilekile kwa sababu tu wageni hawaishi nyumbani kwao. Hawajaficha chochote. Ukiipitisha hiyo 10% kwenye hesabu ileile utapata "mapato yaliyofichwa" ya kama 17%. Pilau la wageni limegeuka ukwepaji wa kodi.

Ticha wa Jioni

Mkuu hapo kwenye chakula ndipo njia hiyo inapoanguka kabisa ukiileta kwetu, na inaanguka kwa pande zote mbili.

Upande wa kwanza, mwenye duka hanunui unga. Anauchota. Mke anatuma mtoto dukani: kilo mbili za sembe, mafuta robo, sabuni. Hakuna pesa iliyotoka. Siku watu wa takwimu wanapita na dodoso la mapato na matumizi ya kaya, mama anasema matumizi ya chakula ni ya samaki na mboga tu. Kwa hesabu yako huyo anaonekana anakula kidogo, basi anaonekana mkweli kuliko alivyo.

Upande wa pili ni mimi. Nafundisha sekondari. Njia yako inaanza na "mwajiriwa hana pa kuficha". Kaka, jioni nina masomo ya ziada, nina bodaboda moja kapewa kijana kwa hesabu ya wiki, na wife anauza mashuka kazini kwao kwa mkopo wa mwisho wa mwezi. Kwenye karatasi mimi ni mwajiriwa safi, kipato kimekatwa PAYE, ile kodi ya mshahara. Nikikaa mezani nakula kama mtu wa vipato vitatu. Sasa mimi ndiye rula ya kuwapimia wenye maduka. Rula imepinda.

Hesabu Hazidanganyi

Ticha umemaliza kila kitu. Rula imepinda, na imepinda kwa kumpendelea mwenye duka. Kama waajiriwa nao wanaficha, basi tofauti kati yao na waliojiajiri inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Kinachopimwa ni pengo la makundi mawili, sio ukwepaji wote.

Kuna tundu lingine halijatajwa. Mtu wa takwimu sio mtu wa kodi. Njia hii inachukulia kwamba aliyejiajiri anamwambia mtu wa dodoso namba ileile anayoijaza kwenye ritani, yaani fomu ya kodi. Je, anafanya hivyo? Marekani wachumi Hurst, Li na Pugsley walilipima hilo mwaka 2014, wakapata kwamba hata kwenye tafiti za kaya, ambako hakuna kodi wala adhabu, waliojiajiri wanapunguza mapato yao kwa kama 25%. Mtu akishazoea kutaja namba ndogo anaitaja kila mahali. Akiulizwa na mtakwimu, akiulizwa na balozi wa nyumba kumi, akiulizwa na mkwe.

Mvivu wa Kusoma

Ndefu sana. Tufupishie: wanaficha au hawafichi?

Kibubu

Wanaficha. Kiasi gani ndiyo ndefu.

Sasa Ugiriki. Mwaka 2016 ilichapishwa kazi ya Artavanis, Morse na Tsoutsoura. Hawa waliachana na chakula wakaenda benki. Walipata takwimu za benki moja kubwa ya huko, maombi ya mikopo ya maelfu ya watu, na ndani yake mapato ambayo mwombaji ameyatangaza kwa serikali.

Fikiria uko dawati la mikopo. Daktari amekuja, karatasi ya kodi inasema anapata kidogo. Wewe unajua madaktari. Ukimkatalia, benki ya pili itampa na wewe umepoteza mteja mzuri. Kwa hiyo unampa mkopo wa mapato unayoyajua wewe, sio yaliyoandikwa. Kwa maneno mengine benki imeshafanya makadirio, tena makadirio ya mtu ambaye akikosea anapoteza pesa zake. Watafiti wakawaza: tukilinganisha mikopo wanayopewa waajiriwa na wanayopewa waliojiajiri wenye mapato ya karatasi yanayofanana, tutasoma kilicho kichwani mwa afisa mikopo.

Waligundua kwamba waliojiajiri walikuwa wanatumia 82% ya mapato waliyotangaza kulipa marejesho ya mikopo kila mwezi. Asilimia themanini na mbili! Halafu bado wanakula, wanavaa, wanasomesha. Na wanalipa kwa wakati. Hilo haliwezekani isipokuwa kuna mfuko mwingine. Hitimisho lao: 43 hadi 45% ya mapato ya waliojiajiri hayakutangazwa. Kwa mwaka 2009 peke yake ni euro bilioni 28.2, na kodi iliyopotea ni kama 30% ya nakisi ya bajeti ya mwaka ule. Mnaukumbuka mwaka ule kwa Ugiriki, ndio deni lilianza kuwaka.

Vinara hawakuwa wauza mboga. Walikuwa madaktari, wahandisi, walimu wa masomo ya kulipia, wahasibu, wanasheria. Na mwaka 2010 kulikuwa na pendekezo la kuwabana watu wa fani za aina hiyo kwa kuwawekea kima cha mapato. Halikupita bungeni. Watafiti wale, bila haya, wakahesabu fani za wabunge.

Baba Chanja

Hahaha, walimu wa masomo ya ziada. Ticha wa Jioni uko wapi?

Ticha wa Jioni

Niko darasani, nawafundisha wanao.

Mtoro wa Forodhani

Ugiriki hiyohiyo ndiyo ya mabwawa ya kuogelea. Vitongoji vya kitajiri kaskazini ya Athens, kwenye fomu za kodi watu 324 walisema wana bwawa. Serikali ikatazama picha za setilaiti: mabwawa 16,974. Hiyo ndiyo njia ninayoipenda mie. Hakuna cha Engel wala cha nani, unatazama juu unahesabu.

Hesabu Hazidanganyi

Bwawa linaonyesha mali, halionyeshi mapato ya mwaka huu. Mtu anaweza kuwa amerithi nyumba na bwawa lake na leo hana hela ya kulijaza maji. Ila nakubali kwamba hesabu ya 324 inachekesha.

Mhasibu wa Mtaa

Nimesoma tangu juu, nimevumilia, sasa niseme.

Mnabishana kana kwamba kuna watu wa aina mbili, mwajiriwa mwema na mfanyabiashara mwizi. Denmark walipima vizuri kuliko wote na majibu yao yanavunja huo ubishi. Kleven na wenzake, kazi iliyotoka 2011, walishirikiana na mamlaka ya kodi ya huko. Walichukua walipakodi karibu 40,000 kwa bahati nasibu, nusu wakakaguliwa ritani zao bila kujali zinaonekanaje, nusu wakaachwa kwanza. Huo ni ukaguzi wa kweli, nyaraka mezani, sio kukisia kwa chakula.

Mapato ambayo mtu mwingine ameshayapeleka serikalini, yaani mwajiri, benki, mfuko wa pensheni, yalifichwa kwa chini ya 1%. Karibu na sifuri. Mapato ambayo mlipakodi anayataja mwenyewe, hakuna shahidi, yalifichwa kama 42%. Nchi ileile. Na Wadenmark ni watu wanaosifiwa duniani kwa uaminifu. Marekani nayo iko hivyohivyo: makadirio ya mamlaka yao ya kodi yanasema mshahara unaokatwa na mwajiri hupotoshwa kama 1%, mapato yasiyoripotiwa na mtu mwingine yeyote hupotoshwa kama 55%.

Kwa hiyo Baba Chanja, usijisifu sana. Wewe hufichi kwa sababu mwajiri wako ameshakusemea. Ukipewa leo duka la jirani utaongea kama jirani. Na jirani akiajiriwa kesho atalalamika kuhusu 30% kama wewe.

Mfano ninaoupenda zaidi sio wa biashara hata kidogo. Marekani mtu alikuwa anaandika watoto anaowatunza ili apunguziwe kodi, anajaza majina tu. Ikaja sheria ya mwaka 1986: andika na namba ya hifadhi ya jamii ya mtoto. Mwaka uliofuata watoto milioni 7 wakatoweka kwenye fomu. Hawakufa, baadhi yao hawakuwahi kuzaliwa.

Mzigo wa Kontena

Milioni saba! Hao sasa ndio tuwaite wakwepaji, mimi ninayeuza vitenge niacheni.

Jirani wa Gikomba

Salamu kutoka Nairobi. Anachosema Mhasibu ndicho KRA, mamlaka yetu ya kodi, wanajaribu kwetu na eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki. Tangu Januari 2024, ukitaka gharama ikubaliwe kupunguza kodi yako, lazima ankara iwe imepitia eTIMS. Sasa mimi nina karakana ya kuchomelea. Kwa nini nimdai muuza vyuma ankara? Sio kwa uzalendo. Nisipopata ankara, vyuma vyake vinaonekana kama faida yangu na natozwa mimi. Serikali imenifanya askari bila mshahara.

Lakini inakwama chini. Muuza mkaa wa karakana, kijana wa mkokoteni, mama wa chakula cha wafanyakazi, hao hawana eTIMS na hawana mpango. Kwa hiyo gharama zangu za kweli zinakataliwa na kodi inapanda juu ya faida ambayo sina. Mtu akiona hivyo anachagua njia rahisi: anarudi kwa pesa taslimu, ananunua bila ankara, anauza bila ankara, hayuko kwenye kitabu. Kuna wenzangu wamehamia kodi ya mauzo, asilimia 3 ya mauzo tangu Julai 2023 kwa mwenye kati ya milioni 1 na milioni 25 za Kenya kwa mwaka. Hiyo haiulizi gharama. Ila mwenye faida nyembamba inamkata vibaya, asilimia 3 ya mauzo inaweza kuwa nusu ya faida yake.

Mtoro wa Forodhani

Na M-Pesa je? Si kila kitu kiko kwenye simu siku hizi?

Jirani wa Gikomba

Kiko, na watu wanajua kwamba kiko. Mteja akisema "nakutumia", fundi anampa namba ya mke. Pia miamala ya simu si mauzo. Kwenye simu yangu mna mchango wa mazishi, karo ya mtoto wa dada iliyopitia kwangu, na chama cha wamama cha mke wangu. Ukijumlisha yote ukaniita tajiri, nitakukaribisha uje ulipe hiyo karo.

Mzigo wa Kontena

Bongo hivyohivyo, "lipa namba imegoma leo, tuma kwenye ya kawaida".

Tuwe wakweli kuhusu mashine pia. EFD, zile mashine za risiti, zimeanza 2010 kwa wenye VAT (kodi ya ongezeko la thamani), baadaye zikashuka kwa wengine. Tangazo limeimbwa hadi watoto wanalijua: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Dukani ikawa bei mbili. Mteja anauliza pampu ya maji shilingi ngapi, anajibiwa: unataka na risiti au bila risiti? VAT ni 18%, kwa hiyo tofauti inaonekana. Mteja wa kawaida risiti haimsaidii kitu, anachukua bila, anaondoka na furaha yake. Wapo na wanaotoa risiti kweli, lakini pampu ya 180,000 risiti inasoma 30,000. Mteja hata hasomi, anaikunja anatia mfukoni kwa sababu ya askari njiani.

Sisemi nani anafanya. Nasema nimeona.

Kibubu

Na hiyo ya 180,000 kusoma 30,000 ndiyo sababu mashine pekee haipimi kilichofichwa. Inapima kilichochapwa. Tofauti ya Jirani wa Gikomba na mteja wa pampu ni kwamba mmoja akikosa ankara anaumia, mwingine akiikosa anapata punguzo. Shahidi anayelipwa kunyamaza atanyamaza.

Mhasibu wa Mtaa

Niongeze njia moja ambayo haihitaji dodoso, benki wala setilaiti. Tazama ngazi za kodi.

Kwa viwango vilivyoanza 2019 kwetu, mfanyabiashara mdogo asiyetunza kumbukumbu mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka analipa 100,000. Akivuka milioni 7 mpaka 11, analipa 250,000. Chini ya milioni 4 halipi. Sasa mtu wa milioni 6.9 na mtu wa milioni 7.1 ni mtu yuleyule, tofauti yao ni wiki moja nzuri ya sikukuu. Kodi zao zinapishana 150,000. Mauzo halisi ya maelfu ya maduka yanapaswa kushuka polepole kama mteremko, hayana sababu ya kujua kwamba milioni 7 ni namba maalumu. Ukichora mauzo yaliyotangazwa ukakuta kichuguu kabla ya milioni 7 na shimo mara baada yake, ukubwa wa kichuguu unakwambia watu wamesogezwa. Wachumi wa nchi nyingi wanatumia njia hiyo.

Nayo ina tatizo lake. Kichuguu kinawachanganya wanaoficha na wanaojizuia. Kuna mtu Novemba akiona anakaribia milioni 7 anafunga duka anakwenda kijijini mpaka Januari. Huyo hajadanganya.

Na kwenye ile milioni 4, mnakumbuka vitambulisho vya wajasiriamali, Desemba 2018? Hayati Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000, kila kimoja shilingi 20,000, kwa wenye mauzo chini ya milioni 4. Machinga akawa na amani. Ila na wenye mzigo wa maana nao wakaning'iniza kitambulisho shingoni, duka likagawanywa meza tatu, kila meza na mwenye kitambulisho wake. Nani angepima hapo?

Hesabu Hazidanganyi

Hoja ya ngazi nzuri, lakini sema na upande wa pili: anayetunza kumbukumbu halipi kwa ngazi. Kwa milioni 4 hadi 7 analipa 3% ya kinachozidi milioni 4. Mwisho kabisa wa ngazi hiyo ni 90,000, chini ya 100,000 ya asiye na daftari. Kwa hiyo kwa karatasi daftari lina faida kwa kila mtu. Mbona watu hawatunzi?

Mzigo wa Kontena

Kwa sababu daftari halina mlango wa kutokea. Ukishaonyesha mwaka huu milioni 6, mwaka kesho ukileta milioni 5 unaulizwa milioni moja imekwenda wapi. Niliwahi kukaa kwenye benchi la ofisi moja mkoani nikiwa na daftari langu, kijana akalifungua ukurasa wa kwanza, akalifunga, akasema "haya mnaandika wenyewe". Kisha akakadiria. Sikurudi nalo tena.

Kibubu

Hapo kijana alikuwa na wastani kichwani. Anajua "wenye maduka wanaficha theluthi", basi kila daftari ni uongo wa theluthi. Na mwenye duka akijua daftari la kweli litaongezewa theluthi, mwaka ujao atalipunguza theluthi mapema. Mwaka wa tatu wastani umekuwa kweli.

Dada wa Saluni

Nimewasoma kimyakimya, naomba niulize la kwangu. Nina saluni ya kusuka, viti vinne, uswahilini. Mtu akija kunikadiria atatumia nini? Sili sana 😂, sina mkopo, sina bwawa.

Mhasibu wa Mtaa

Dada, mkaguzi mzoefu anaanza na malighafi. Mama lishe anahesabiwa mchele, mwenye baa anahesabiwa kreti, dobi anahesabiwa sabuni na maji. Kilo moja ya mchele inatoa sahani ngapi inajulikana, kilichobaki ni kuzidisha.

Dada wa Saluni

Kwangu hapati. Rasta wateja wanakuja nazo wenyewe. Umeme ni taa na redio, LUKU ya elfu tano inakaa. Mafuta ya kupaka kopo moja linakwenda miezi.

Mhasibu wa Mtaa

Basi atahesabu viti na mikono. Wasusi unawalipaje?

Dada wa Saluni

Kwa kichwa. Nusu kwa nusu. Jioni tunakaa, kila mmoja anasema vichwa vyake, naandika kwenye daftari, nawapa chao. Nisipoandika watanila.

Mhasibu wa Mtaa

Hilo daftari ndilo lenyewe. Ni bora kuliko la Mzigo wa Kontena, maana kila mstari una msusi ambaye ukiandika pungufu anapiga kelele papo hapo. Afisa akitaka kulithibitisha anamuuliza msusi. Kwa mwaka vinafika ngapi?

Dada wa Saluni

Kwa hela yote iliyoingia, kama milioni 6 hivi.

Mhasibu wa Mtaa

Kwa viwango nilivyotaja, ukiwa na kumbukumbu ni 3% ya milioni 2 zilizozidi. Elfu sitini. Bila daftari, laki.

Dada wa Saluni

Sawa, lakini milioni 3 katika hizo ni za wasusi. Na zenyewe zinahesabiwa kwangu?

Mhasibu wa Mtaa

Zimeingia kwenye saluni yako, kwa hiyo ni mauzo yako. Kama hutaki, badilisha utaratibu: kila msusi apokee hela ya mteja wake mwenyewe, wewe wakulipe ada ya kiti kwa wiki. Mauzo yako yatakuwa hiyo ada tu.

Dada wa Saluni

Ada ya kiti shilingi ngapi?

Mhasibu wa Mtaa

Inategemea wanasuka vichwa vingapi.

Dada wa Saluni

Wakishapokea hela wenyewe, wataniambia?

Mzigo wa Kontena

Watakwambia biashara ngumu kweli.

Ticha wa Jioni

Uwaangalie wanakula nini mchana.